Miguu ya IST: mlio unasikika huku, ubovu uko kule

IST yangu, ile Toyota ndogo, ni ya mwaka 2003, lile umbo la kwanza, injini ya cc 1300. Ilitembea Japani, ikaja Dar ikatembea kwa mtu mwingine, ndipo ikafika kwangu, kwa hiyo sikutegemea iwe kimya. Naishi Goba, ndani kidogo, ambako lami inakata kabla hujaiona nyumba. Greda likipita tunafurahi siku chache, mvua ikishuka barabara inarudi kuwa na mawimbi kama bati la kuezekea. Gari dogo kwenye njia ya namna hiyo linaliwa miguu, yaani shokapu, springi na vyuma vinavyoshika matairi, halina ujanja.

Mlio ulianza mbele kushoto. Ulikuwa mwepesi, "kata-kata-kata", ukitoka kwenye vijiwe vidogo na mashimo ya upande mmoja. Fundi wa mtaani kwetu alikandamiza boneti kwa mikono miwili, akaiachia, akasema, "Madam, shokapu zimekufa. Badilisha zote mbili." Simlaumu, maana ndilo jibu la kila gereji. Shokapu inaonekana, inauzwa kwa jozi, na mteja akisikia jina hilo habishi. Lakini kile kipimo cha kukandamiza boneti kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu inapita vizuri, na nzima inaweza kusingiziwa.

Kilichonifanya nisite ni tuta. Tuta kubwa la shule, nikilivuka matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja, gari lilipanda na kushuka bila neno. Nikiingiza tairi moja shimoni, kelele. Kama shokapu ndiyo ingekuwa mgonjwa, tuta ndilo lingeisema kwanza. Kuna chuma kirefu kinachounganisha miguu miwili ya mbele, stabilaiza, kazi yake kuzuia gari lisilale kwenye kona. Matairi yakipanda pamoja, chuma hicho kinazunguka tu kwenye bushi zake, zile raba zinazokishika, hakibebi mzigo. Tairi moja likizama peke yake, kinajipinda, na mzigo wote unapita kwenye linki mbili nyembamba, kila moja ina vigololi viwili vidogo ndani ya vikombe. Vigololi hivyo vikishalika ndivyo vinavyotoa ule mlio wa vijiko kwenye droo.

Kuna mzee mmoja, fundi wa zamani wa Ilala ambaye sasa anafanya kazi chache tu nyumbani kwake, aliyenifundisha neno moja ambalo nimelitumia kila mara tangu hapo: "Mwalimu, gari usilisikilize sana, lishike." Bodi ya gari ni bati lililounganishwa kila mahali, mlio unasafiri ndani yake na kutokea unapotaka. Nimeshasikia kelele ya kulia ikitokea kushoto kwa dereva na katikati kwa abiria. Kitu kilicholegea kimelegea mahali pake tu, na kidole kikikigusa kinajua.

Kushika nako kuna namna. Mafundi wengi wanainua upande mmoja kwa jeki, wanaitikisa linki, wanaiona imekaza, wanasema nzima. Ukiinua upande mmoja, stabilaiza imejipinda na inaivuta linki, kwa hiyo ulegevu unajificha. Ama uinue pande zote mbili za mbele na kuzikalisha kwenye stendi, ama uiache gari chini na miguu yake yote. Mimi niliiacha chini, nikaegesha pale penye mteremko kidogo karibu na ukuta wa uani ili mkono upite, nikaishika linki huku kijana wangu akiitikisa gari ubavuni. Nilihisi kile kigololi kikigonga ndani ya kikombe chake, kitu kidogo, kama nusu milimita tu, lakini hakikuacha shaka.

Kwa wasioamini mkono kuna kipimo cha pili, nacho ni bure. Fungua linki zote mbili, zifunge pembeni kwa waya zisigonge, uzunguke mtaa polepole. Kelele ikiondoka, umempata mwizi wako. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo ni mwendo wa mtaani tu, usiende nalo Morogoro Road.

Linki mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na jozi ya shokapu. Kazi ngumu ilikuwa kutoa za zamani. Nati imeota kutu, ukiizungusha na kigololi chenyewe kinazunguka nayo, unaweza kukaa hapo mpaka jioni. Kuna tundu la alenki, ile spana ya pembe sita, kwenye ncha ya ule msumari wenye nyuzi unaotoka kwenye kigololi; unalishika kwa alenki, nati unaizungusha kwa spana. Tundu likiwa limejaa udongo, lisafishe kwa msumari wa kawaida kwanza, la sivyo alenki italilamba na hapo hakuna dawa isipokuwa grenda. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto ilikula grenda.

Basi kukawa kimya, na kimya hicho kikafunua mlio wa pili. Ndivyo magari ya umri huu yalivyo: kelele kubwa inazifunika ndogo. Sasa nikawa nasikia "tang!" nikikata steringi gari likiwa limesimama, hasa pale getini ninapogeuza.

Huu ni rahisi kuupata kuliko yote, na ndio ninaowaonyesha wenzangu pale kazini. Mtu mmoja anakaa kwenye steringi, injini inawaka, gia ya kuegesha, handibreki juu. Mwingine anaweka kiganja ubavuni mwa springi ya mbele, kwa nje, kamwe si vidole katikati ya mizunguko yake. Kijana akakata steringi taratibu kwenda kulia. Springi nzima ilitakiwa izunguke pamoja na tairi. Yangu ya kushoto haikuzunguka. Niliihisi ikijibana, ikijibana, chuma kikakakamaa chini ya kiganja, halafu ikajiachia kwa mkupuo mmoja mpaka mkono ukaruka. Tang. Upande wa kulia nikaweka kiganja vilevile: ikateleza laini, haina habari.

Sababu iko kwenye namna mguu wa mbele ulivyoundwa. Ni ule mfumo wa Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani wa miaka ya 1940, ambao magari madogo mengi unayoyaona barabarani yanautumia. Shokapu imesimama katikati ya springi, na yenyewe ndiyo mhimili ambao tairi linazungukia unapokata kona. Kwa hiyo juu, pale inapokutana na bodi, lazima kuwe na beringi na mpira. Beringi ikiingia vumbi na maji ya miaka, inakwama, na springi inalazimika kujisokota badala ya kuzunguka. Shokapu haina kosa hapo. Ukibadilisha shokapu ukarudisha beringi ileile juu, umelipa na mlio umebaki nao.

Hapa ndipo nilipofunga kisanduku changu cha spana nikaenda gereji. Kuna kazi za uani na kuna kazi zisizo za uani. Springi ya mbele inakaa imekandamizwa muda wote, na nati ile ya katikati juu ya shokapu ndiyo inayoizuia. Ukiifungua springi haijabanwa kwa kifaa chake, inaruka na kila kilicho juu yake. Gereji ya kwanza niliyoingia, kijana alitaka kuifunga springi kwa waya wa kuchomelea, "tunafanya hivi kila siku, madam". Nikamshukuru nikaondoka. Ya pili walikuwa na vifaa viwili, kila kimoja chenye kulabu mbili na skrubu ndefu, wakavikaza kwa zamu, huku kidogo, huku kidogo, mpaka springi ikacheza ndani ya vikombe vyake. Ndipo wakagusa nati. Niliwaomba waweke beringi na mipira ya juu mipya pande zote mbili, na kwa kuwa tumeshafika huko, tukazikagua shokapu zenyewe. Ziliwekwa wima, zikasukumwa chini na kuvutwa juu mara kadhaa. Nzuri inakataa kwa nguvu moja njia nzima. Ikiwa kuna mahali inateleza bila ukinzani, imekufa hata kama kwa nje inang'aa. Zangu zilikataa njia nzima. Zikarudi.

Mwaka uliofuata zilikuja bushi za amu, ule mkono wa chuma wa chini unaoshika tairi, na hizi ndizo nataka nizizungumze kwa kirefu kwa sababu ndizo zinazobadilishwa vibaya kuliko kitu chochote kwenye miguu.

Dalili yake ilikuwa "duk" moja nzito nikikanyaga breki kwa mwendo mdogo, na "duk" nyingine nikirudi nyuma nikakanyaga tena. Kwenye rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, gari lilikuwa linahama kidogo kushoto. Niliinua mbele, nikaweka stendi, nikaingiza bisibisi kubwa kati ya amu na krosimemba, chuma kikubwa cha chini kinachoibeba, nikabonyeza. Mpira wa nyuma wa amu ya kushoto ulifunguka mdomo. Ulikuwa umechanika karibu nusu ya mzunguko.

Bushi ya mpira ina pete ya chuma nje, iliyopigwa presi ndani ya amu, na bomba la chuma katikati linalopitisha bolti. Kati yao ni mpira ulioshikana na pande zote mbili. Bolti ikikazwa, lile bomba la katikati linabanwa kabisa kwenye krosimemba, halizunguki. Amu inapopanda na kushuka, kinachojisokota ni mpira. Hakuna kinachoteleza pale.

Sasa fikiria gereji. Gari liko juu, tairi limetolewa, amu inaning'inia chini kabisa. Fundi anaweka bushi mpya, anakaza bolti kwa nguvu zake zote, anarudisha tairi, anashusha gari. Amu imepanda sentimita kadhaa, lakini lile bomba limebanwa kwenye pembe ya kuning'inia. Mpira umeshasokotwa hata kabla hujatoka getini, na kila shimo linausokota zaidi. Baada ya muda si mrefu unachanika, mteja anarudi, na wote wanakubaliana kwamba bushi zilikuwa feki. Nyingine ni feki kweli. Nyingi zimeuawa na spana.

Dawa yake ni kukaza bolti hizo gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Nilichofanya uani ni hiki: bolti zote niliziingiza na kuzikaza kwa mkono tu, matairi yakarudi, nikaishusha gari juu ya vipande vya mbao nene, vipana, vya mninga uliobaki kwenye paa. Si tofali. Tofali la saruji linapasuka bila kuaga. Matairi ya nyuma niliyawekea mawe mbele na nyuma. Nikalitikisa gari mara kadhaa likae kwenye kimo chake, ndipo nikalala chini na kuzikaza. Fundi mwenye shimo la kuingilia au lifti ya kuendeshea juu yake anafanya jambo lilelile bila mbao. Ukipeleka gari gereji, muulize tu kabla hajaanza: "Bolti za bushi unazikaza gari likiwa juu au chini?" Jibu lake litakuambia mengi kuliko kibao cha nje.

Kuna pia ile tabia ya kupulizia bushi oili au kupaka grisi zikianza kulia "kwi-kwi". Zinanyamaza, kweli, wiki mbili. Oili ya petroli inavimbisha mpira wa asili na kuulainisha mpaka unaoza. Kama lazima upake kitu, ni grisi ya silikoni. Bushi inayolia mara nyingi inakuambia imekauka au imeachia pete yake, na hapo kupaka ni kuahirisha.

Boli jointi, kiungo cha gololi kinachounganisha amu na tairi, siwezi kuiweka kwenye fungu la kuahirisha. Hiyo ikichomoka, tairi linalala ubavu na gari linakaa chini hapohapo, na haichagui kama uko uani au kwenye mwendo. Kipimo chake: tairi hewani, mkono mmoja juu, mwingine chini, sukuma na vuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, ujaribu tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni boli jointi. Mikono ukiiweka kulia na kushoto badala ya juu na chini, unaipima tairodi, fimbo inayopeleka steringi kwenye tairi. Hayo hayahitaji fundi, yanahitaji jeki, stendi na mtu wa kukanyaga breki.

Na kuna spesa, vipande vinavyowekwa juu ya miguu ili gari lipande. Mtu akinunua IST Dar, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuinyanyua, na naelewa kwa nini, maana kwetu Goba bampa la chini linasoma kila jiwe. Mwenye gari wa kwanza wa Dar alikuwa ameweka spesa nene juu ya miguu ya mbele. Zinapandisha gari, hilo halina ubishi. Lakini amu, tairodi na shafti zinazopeleka nguvu ya injini kwenye matairi sasa zinakaa zimeinama kuelekea chini muda wote, kwenye pembe ambayo hazikupangiwa. Mimi nilizitoa tulipofungua miguu kwa ajili ya beringi. Gari likashuka, nikanunua ngao nzuri ya chini ya injini, na mashimo matatu makubwa ya njia yetu nikayakariri. Majirani wawili wenye spesa wananicheka. Mmoja wao ameshabadilisha mipira ya shafti zaidi ya mara moja tangu tuanze kubishana, ila bado anaona kimo chake kinamlipa, na gari ni lake.

Kuhusu spea, nanunua Ilala na Kariakoo kama watu wote. Shokapu ya mtumba kutoka Japani naweza kuichukua, kwa sababu naweza kuipima pale dukani kwa kuisukuma na kuivuta, na naweza kuutazama ule mkono wake kama una michubuko au jasho la oili. Bushi ya mtumba siichukui hata kwa zawadi. Mpira unazeeka hata kama gari limesimama, na wa miaka ishirini ni wa miaka ishirini. Bushi mpya naikunja kwa dole gumba nikiangalia nyufa. Kuna "mpya" zilizokaa dirishani kwenye jua la Kariakoo mpaka zimepauka. Kingine, shokapu ya mbele ina kulia na kushoto, kwa sababu ya kibano cha bomba la breki na mahali linki inapofungwa. Nenda na ya zamani mkononi. Muuzaji akikuambia "zote sawa tu, dada", ziweke ubavu kwa ubavu kaunta uone.

Kelele nyingine zimewahi kunipeleka chini ya gari bure. Jeki iliyolegea kwenye kitanda chake nyuma inagonga vizuri kabisa kama shokapu ya nyuma. Bati la kuzuia joto la ekzosi likikatika bolti moja linapiga kengele kwenye vijiwe. Kwa hiyo siku hizi naanza kwa kutoa kila kitu kwenye buti, tairi la akiba pia, halafu nazunguka mtaa. "Tak-tak-tak" inayokuja ukikata kona kali huku gari linatembea ni sivi jointi, kiungo cha mwisho wa shafti, na mvumo unaokua na mwendo ni beringi ya tairi. Zote mbili ziko karibu na miguu lakini si hadithi hii.

Alaimenti, yaani kurekebisha pembe za matairi, ni ya mwisho, si ya kwanza. Nimeona mtu analipia alaimenti ili gari liache kuhama, tairodi ikiwa inacheza. Mashine inapima pembe ya sekunde hiyo, akitoka getini pembe imebadilika. Nikibadilisha tairodi nahesabu mizunguko wakati naitoa na kuirudisha mpya kwa mizunguko ileile, ili angalau gari lifike kwenye mashine bila kula tairi njiani. Na nati za tairi nikimaliza nazikaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza niliyoazima kwa mzee wa Ilala, 103 N·m, kwa kuruka ruka kama nyota. Vijana wa gereji hukanyagia bomba mpaka siku ya pancha unashindwa kuzifungua peke yako barabarani.

Kilichobaki sasa ni nyuma. Kuna mlio mmoja mzito, "dumu", shehena ikiwepo na tairi la nyuma kulia likiingia shimoni. Buti nimelitoa vitu vyote, bado upo. Mpira wa juu wa shokapu ya kulia nimeushika, umelegea kidogo. Bushi kubwa mbili za ule mhimili wa nyuma nimezibonyeza kwa bisibisi na bado zinashika, ingawa ya kulia ina nyufa za juu juu. Nitaanza na mpira wa juu, ni kitu cha bei ndogo, na bushi za mhimili zitasubiri Juni shule zikifungwa, kwa sababu zinahitaji presi na siku nzima.